Jinsi ya Kutafuta Chanzo cha Mtetemo na Hitilafu za Matairi Unapovuta Trela la Boti

Gari linalovuta trela la boti likianza kutetemeka, wengi hukimbilia kubalansi magurudumu, wakiamini kwamba vipande viwili vya risasi vikibandikwa kwenye rimu mambo yatatulia. Wakati mwingine hutulia kweli. Hata hivyo, mtetemo uleule unaweza kutoka kwenye tairi ambalo mikanda yake ya nyaya imeanza kuachana ndani, na tairi la namna hiyo halina dawa ya risasi. Huondolewa barabarani siku hiyohiyo, kwa kuwa liko njiani kupasuka. Kwa sababu hiyo, mwongozo huu unafuata mpangilio ambao naushikilia kwa dhati: kwanza hakikisha hakuna hatari ya papo hapo, kisha bainisha sehemu inayotetemeka, na baada ya hapo ndipo utoe fedha kwa ajili ya kubalansi, kunyoosha au kununua chochote.

Tofautisha mtetemo na kuyumba

Mtetemo ni mitikisiko midogo inayojirudia kwa haraka, inayohisiwa kwenye usukani, kitini au sakafuni, na kwa kawaida huhusiana na kitu kinachozunguka. Kuyumba ni jambo jingine: trela huenda kushoto na kulia kama mkia, kwa mwendo wa polepole unaoweza kukua hadi kulivuta gari nje ya njia. Kuyumba hutokana zaidi na uzito uliosogea mno nyuma, upepo mdogo katika matairi au mwendo mkubwa, na kubalansi magurudumu hakuliondoi tatizo hilo hata kidogo.

Uzito unaolala juu ya tufe la kuvutia, yaani lile tufe la chuma nyuma ya gari linaloshikwa na kichwa cha trela, ndio unaolituliza trela. Kwa matrela mengi ya boti, uzito huo huwa karibu sehemu ya kumi ya uzito wote wa trela pamoja na mzigo wake, ingawa kiwango kilichoandikwa na watengenezaji wa gari na trela ndicho cha kufuatwa, na hakipaswi kuvukwa. Boti ni mzigo wa kupotosha katika jambo hili, kwa kuwa injini, tangi la mafuta na betri mara nyingi hukaa upande wa tezi, na maji yaliyobaki katika ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti, hukimbilia hukohuko kila trela linapopanda kilima. Lita 100 za maji ni kilo 100, na kilo 100 zilizo nyuma kabisa hupunguza uzito wa mbele kwa kiasi ambacho dereva hakioni kwa macho. Toa kizibo, yaache maji yote yamwagike, kisha uhakikishe kwamba omo ya boti imegusa kabisa kizuizi chake cha mbele na kufungwa hapo, maana boti iliyosimama nusu mita nyuma ya mahali pake hubadilisha hesabu yote ya uzito.

Trela likianza kuyumba ukiwa barabarani, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shikilia usukani ukiwa umenyooka na uliache gari lipunguze mwendo lenyewe. Usikanyage breki ya gari kwa nguvu, wala usijaribu kuufukuza mtikisiko kwa kuongeza mwendo.

Dalili zinazokutaka usimame mara moja

Kuna mitetemo ambayo haifai kuchunguzwa kwa kuendelea kuendesha. Ukisikia mpigo wenye mdundo unaozidi kuwa mkubwa kadiri kilomita zinavyokwenda, au ukiona kwenye kioo kwamba gurudumu moja la trela linarukaruka huku lingine likitulia, tafuta mahali salama palipo mbali na njia ya magari na usimame. Fanya vivyo hivyo ukisikia harufu ya mpira au grisi inayoungua, au ukiona moshi kwenye gurudumu. Ukishasimama, angalia kila tairi pande zote mbili, hata upande wa ndani usioonekana ukiwa umesimama wima, na ujaribu kila nati kwa spana. Tairi lililotoa nundu, ubavu uliochanika, nati iliyolegea kwenye rimu ambayo matundu yake yameanza kupanuka, na habu (kitovu cha gurudumu) yenye joto kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa juu yake, vyote ni mwisho wa safari hadi virekebishwe.

Kabla ya kuinua trela kwa jeki, liache likiwa limefungwa kwenye gari, vuta breki ya mkono ya gari, zuia kwa kabari magurudumu yatakayobaki chini, na uweke jeki chini ya sehemu ya fremu au ekseli iliyokusudiwa kubeba uzito. Ekseli nyingine zenye mpira ndani haziruhusu kuinuliwa katikati ya bomba lake. Weka stendi imara kabla ya kuingiza mkono au mguu chini, kwa sababu boti iliyo juu ya trela huwa na uzito ulio juu, na jeki moja peke yake si ya kuaminiwa.

Je, ni gari au ni trela?

Hili ndilo swali linalookoa fedha nyingi zaidi, na lina jibu ambalo halihitaji chombo chochote. Endesha gari peke yake katika barabara unayoijua, kwa mwendo uleule ambao mtetemo hujitokeza. Kisha rudia barabara hiyohiyo ukivuta trela tupu. Nafasi nzuri ya kufanya hivyo ni wakati boti imo majini na trela limebaki nchi kavu bila mzigo. Mwisho, rudia ukiwa na boti juu ya trela. Andika kila mara mtetemo ulianza kwenye mwendo gani, ulikuwa mkali zaidi wapi, na kama ulitoweka ulipoongeza mwendo.

Kama gari peke yake linatetemeka, acha trela na ushughulikie gari. Kama mtetemo upo hata kwa trela tupu, chanzo kinaelekea kuwa gurudumu, rimu au habu ya trela, ingawa ni lazima ukumbuke kwamba trela tupu hurukaruka kwa sababu springi zake zimetengenezwa kubeba mzigo, na mruko huo usio na mdundo maalumu si ugonjwa. Hali ya tatu ndiyo ngumu zaidi: mtetemo unaojitokeza tu boti inapokuwa juu. Hapo kuna washukiwa wawili. Wa kwanza ni tairi la trela linalolemewa. Wa pili ni gari lenyewe, kwa kuwa uzito unaoshuka juu ya tufe huibonyeza sehemu ya nyuma ya gari na kubadilisha pembe ya propela shafti, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma ya gari, na viungo vya shafti vilivyochakaa, ambavyo havikulalamika gari likiwa tupu, huanza kutetemeka kwa pembe hiyo mpya.

Ili kuwatenganisha washukiwa hao wawili, tafuta barabara iliyonyooka, tambarare na isiyo na magari, fikia mwendo wa mtetemo, kisha weka gia huru na uliache gari liserereke kwa muda mfupi, injini ikiendelea kuwaka ili breki na usukani viendelee kupata nguvu. Mtetemo ukipotea papo hapo, tazama propela shafti, viungo vyake, vishikizi vya injini na giaboksi, kwa sababu kinachotetemeka ni kile kinachobeba nguvu ya injini. Ukiendelea vilevile na kupungua tu kadiri mwendo unavyopungua, tazama magurudumu.

Namna mtetemo unavyohisiwa nayo ni ushahidi. Tairi la ukubwa wa 205/75R14, linalopatikana katika matrela mengi ya boti, lina mzingo wa takriban mita 2.1. Kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa, sawa na mita 25 kwa sekunde, gurudumu hilo huzunguka mara 12 hivi kila sekunde, na mwili huuhisi mtetemo wake kama mtikisiko. Propela shafti huzunguka haraka kuliko magurudumu ya gari, mara nyingi kati ya mara tatu na mara nne, na mtetemo wake huja kama mvumo au mlio wa chini unaosikika sakafuni kuliko kutikisa. Usukani ukitikisika, anza na magurudumu ya mbele ya gari. Kiti kikitikisika na usukani ukatulia, anza na magurudumu ya nyuma ya gari na yale ya trela. Gari likihisi kusukumwa na kuvutwa, mbele na nyuma, tatizo si gurudumu. Angalia tufe lisilolingana na kichwa cha trela, pini yenye nafasi kubwa kwenye soketi yake, au kifyonza mshtuko kilichochoka katika breki za trela zinazofanya kazi kwa kusukumwa.

Msaidizi mwenye gari jingine ni chombo kizuri kuliko vyote. Mwombe afuate kwa nyuma kwa umbali salama, atazame magurudumu ya trela, na akueleze lipi linacheza pembeni, lipi linaruka, na kama trela linakwenda likiwa limeelekea upande mmoja.

Mwendo wa polepole unasema mengi

Gurudumu ambalo halijabalansiwa vizuri halisikiki kwenye mwendo mdogo, kwa sababu nguvu inayolitikisa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo: kwenye kilomita 90 kwa saa nguvu hiyo ni mara tisa ya ile ya kilomita 30. Kwa hiyo mtetemo unaoanza kwenye kilomita 80 na kupungua ukivuka 100 unaelekea kuwa wa balansi. Tairi lililopoteza umbo lake la duara, kwa upande mwingine, husikika hata kwenye kilomita 20 kwa saa, na kwa mwendo huo mdundo wake unaweza kuhesabiwa: tairi la mzingo wa mita 2.1 hupiga mara tano hivi kila sekunde mbili. Ukiweza kuhesabu mapigo ukiwa polepole, usipoteze muda kwenye mashine ya balansi. Unatafuta tairi bovu, rimu iliyopinda, au tairi lililokaa vibaya kwenye rimu.

Kuna hali moja isiyo na madhara ambayo hufanana na hiyo. Trela lililosimama miezi mingi mahali pamoja huacha matairi yake na sehemu bapa upande uliolalia ardhi, na kilomita za kwanza huwa na mdundo. Sehemu hizo huweza kurudi katika umbo lake matairi yakipata joto. Zisiporudi baada ya kilomita 30 hivi za mwendo wa wastani, au mdundo ukizidi badala ya kupungua, lichukulie tairi kuwa limeharibika.

Kusoma tairi

Matairi ya trela la boti mara nyingi hufa kwa uzee kabla ya kashata zake (meno ya mpira yanayogusa barabara) kwisha. Husimama muda mrefu juani, yakibeba uzito uleule mahali palepale, na mpira hukauka na kupasukapasuka mbavuni huku kashata zikionekana mpya, jambo linalowapa wenye boti imani isiyo na msingi. Tafuta ubavuni maandishi yanayoanza na herufi DOT, kisha usome tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, na huenda ukalazimika kuingia chini ya trela kuzisoma. Binafsi siyaamini matairi ya trela yaliyovuka miaka sita, hata yakiwa na sura nzuri, na kuanzia mwaka wa tatu huyakagua kabla ya kila safari ndefu.

Baada ya umri, soma uwezo wa kubeba. Hapa ndipo penye chanzo cha matairi mengi yanayopasuka, kwa hiyo nitatoa hesabu kamili. Tairi la aina ya ST, yaani lililotengenezwa mahususi kwa trela, ukubwa wa 205/75R14 na daraja C la mzigo, hubeba hadi kilo 798 likiwa na upepo wa psi 50 (pauni 50 kwa kila inchi ya mraba). Matairi mawili hubeba jumla ya kilo 1,596. Chukua trela la kilo 350, boti ya kilo 750, injini ya kilo 180, lita 120 za petroli zenye uzito wa kilo 90 hivi, pamoja na nanga, betri, kamba na vifaa vya kilo 120. Jumla ni kilo 1,490. Kama kilo 120 zinalala juu ya tufe, matairi yanabeba kilo 1,370, na inaonekana bado kuna nafasi ya kilo 226. Lakini tairi hilohilo likiwa na psi 35 tu huweza kubeba takriban kilo 650, yaani kilo 1,300 kwa matairi mawili, na trela ambalo lilikuwa salama asubuhi limekwisha kulemewa bila mtu kuongeza hata gramu moja. Tairi linalolemewa hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, mkunjo huo huzaa joto, na joto ndilo linaloachanisha mikanda ya nyaya na mpira.

Kwa hiyo pima upepo kila siku ya safari, asubuhi, matairi yakiwa ya baridi na kabla ya jua kuyapiga. Matairi ya aina ya ST kwa kawaida hujazwa hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, isipokuwa mtengenezaji wa trela ameagiza vinginevyo. Upepo hupanda tairi linapopata moto barabarani, na usiupunguze kwa sababu hiyo. Ukiupunguza, utakuwa umelifanya tairi liwe na upepo pungufu litakapopoa. Zingatia pia herufi ya mwendo: L huruhusu kilomita 120 kwa saa na M huruhusu 130, na matairi mengi ya ST yasiyo na herufi hiyo yalikusudiwa kutozidi kilomita 105.

Sasa tazama namna tairi lilivyolika. Likilika katikati, upepo umekuwa mwingi kuliko mzigo. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo au mzigo mkubwa. Kuliwa ukingo mmoja kunaonyesha ekseli iliyopinda au kulemewa, na kashata zenye makali upande mmoja, unaoyahisi ukipitisha kiganja kwa upole, zinaonyesha kwamba gurudumu linaburuzwa kwa pembe badala ya kubingirika moja kwa moja. Mabonde yanayofuatana kuzunguka tairi hutokana na gurudumu linalorukaruka: balansi mbaya, beringi zilizolegea au springi zilizochoka. Kabla ya kupitisha kiganja, hakikisha kwa macho kwamba hakuna nyaya zilizochomoza, kwa maana hukata kama wembe.

Kuachana kwa mikanda kunahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa huanza ndani. Inua gurudumu, weka kitu imara karibu na kashata, kwa mfano kipande cha ubao kilichoegemezwa juu ya tofali, na uache nafasi ya milimita chache. Zungusha gurudumu polepole na utazame nafasi hiyo. Ikiwa sehemu moja ya tairi inapanda kuelekea ubao kisha kushuka, au mistari ya kashata inapinda pembeni mahali pamoja na kunyooka tena, umeipata nundu. Rudia jaribio hilo ukielekeza ubao kwenye ukingo wa rimu badala ya tairi. Rimu ikizunguka sawasawa na tairi likipanda na kushuka, tairi ndilo bovu. Vyote viwili vikicheza pamoja, rimu imepinda au haikukaa sawa kwenye habu. Tairi lenye nundu katika kashata lisirudishwe barabarani hata kwa mwendo wa polepole hadi karakana. Funga tairi la akiba, ukiwa umelipima upepo na umri kama yale mengine.

Trela lenye ekseli mbili lina tahadhari yake. Tairi moja likipoteza upepo, jirani yake wa upande uleule huchukua karibu mzigo wote, wakati mwingine kwa kilomita nyingi kabla dereva hajatambua. Ukibadilisha lililopasuka, lichunguze jirani kwa jicho kali, na kama lilibeba mzigo huo kwa mwendo mkubwa, ni busara kulibadilisha pia. Kukata kona kali sana wakati wa kuegesha huyaburuza matairi ya ekseli mbili pembeni na kuyachosha mikanda. Vilevile, trela likivutwa huku pua yake imeinuka, ekseli ya nyuma hulemewa na ile ya mbele hupumzika, kwa hiyo urefu wa tufe urekebishwe hadi fremu iwe sambamba na ardhi.

Nati na rimu

Nati zilizolegea huleta mtetemo unaobadilika badilika, na huharibu matundu ya rimu na stadi (bolti zinazofungwa nati hizo) kwa muda mfupi. Kaza kwa mpangilio wa nyota, ukivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, gurudumu likiwa limeinuliwa kwanza ili rimu ijikalie katikati, na umalizie kwa spana ya kupimia nguvu likiwa chini. Kiasi sahihi hutoka kwa mtengenezaji. Safisha kutu na rangi nene mahali rimu inapokutana na habu, kwa sababu tabaka dogo la kutu linatosha kuipindisha rimu, kisha rangi ikimenyeka nati hubaki zimelegea. Baada ya kilomita 80 hivi za kwanza, kaza tena.

Habu, beringi na breki

Trela la boti huzamishwa majini, na jambo hilo linalitenga na matrela mengine yote. Habu iliyopata moto barabarani ikiingizwa ghafla kwenye maji baridi, hewa iliyo ndani yake husinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili. Maji huifanya grisi kuwa nyeupe kama maziwa, kutu huanza kwenye beringi, na safari inayofuata huleta mlio, kisha mtetemo, kisha gurudumu linalong'oka. Ukifika kando ya maji, acha habu zipoe kabla ya kushusha boti. Vifuniko vyenye springi vinavyosukuma grisi husaidia, lakini havimwondolei mwenye trela wajibu wa kuzifungua habu, kusafisha beringi na kuweka grisi mpya ya aina isiyooshwa na maji angalau mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi kwa trela linaloingia maji ya chumvi.

Kwa uchunguzi, inua gurudumu, lishike juu na chini, na ulitikise kwa kusukuma mkono mmoja huku ukivuta mwingine. Likicheza wazi au likigonga, beringi zimelegea au zimekwisha. Zungusha na usikilize: mkwaruzo kama wa mchanga ni wa beringi, ilhali msuguano wa mfululizo unaweza kuwa wa breki. Mafuta yaliyotapakaa ndani ya rimu yanaonyesha sili iliyopasuka, na kama kuna breki ya drami, huenda grisi imefika kwenye breki shuu pia.

Joto husaidia kutofautisha. Baada ya kilomita 20 hivi, punguza mwendo bila kukanyaga sana breki, simama, na upime habu zote kwa kipimajoto cha kuelekeza, au kwa kuukaribisha mgongo wa mkono bila kugusa kwanza. Uvuguvugu ni wa kawaida. Kinachotafutwa ni tofauti: habu moja yenye moto kuliko mwenzake. Moto ukiwa katikati, kwenye kifuniko, shuku beringi. Ukiwa umeenea kwenye drami na rimu nzima, shuku breki iliyokwama, jambo la kawaida kwa trela lililokaa muda mrefu baada ya kutoka majini.

Ekseli na springi

Ikiwa matairi mapya yanalika upande mmoja ndani ya miezi michache, pima kutoka katikati ya kichwa cha trela hadi kila ncha ya ekseli, ukitumia alama zinazolingana pande zote mbili. Tofauti inayozidi milimita 3 hivi inaonyesha kwamba ekseli imekaa mshazari. Chunguza bolti zenye umbo la U zinazoifunga ekseli kwenye springi, bushi za springi, na hasa nafasi kati ya majani ya springi ambako chumvi hujificha na kuyala kutoka ndani. Jani lililovunjika hulishusha trela upande mmoja na kuisogeza ekseli kidogo, na dereva huishia kubadilisha matairi mara mbili kabla ya kuinama kutazama chini.

Wakati wa kubalansi umefika

Tairi likithibitika kuwa zima, rimu ikizunguka sawasawa, na habu ikiwa haichezi, sasa kubalansi kuna maana. Mweleze fundi kwamba rimu nyingi za trela hukaa katikati kwa nguvu ya nati zake, wala si kwa tundu lake la kati, ambalo huenda halikukatwa kwa usahihi. Akiifunga rimu kwenye mashine kwa koni ya tundu la kati peke yake, mashine inaweza kuonyesha sifuri na gurudumu likaendelea kutikisika barabarani. Aombwe kutumia kishikio kinachobana kupitia matundu ya nati.

Baada ya kazi yoyote, rudi kwenye barabara ileile ya jaribio, kwa mzigo uleule na mwendo uleule, ukiwa na maandishi yako ya awali. Mtetemo ukibaki, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja: funga tairi la akiba mahali pa gurudumu la kushoto, jaribu, lirudishe, kisha fanya hivyo upande wa kulia. Magurudumu yote ya trela yakishajaribiwa kwa njia hiyo na mtetemo ukabaki palepale, liache trela na urudi kwenye propela shafti na magurudumu ya nyuma ya gari, gari likiwa limebeba uzito halisi wa tufe wakati fundi anapolikagua.